Machepe ya Mgeni Rasmi

Isdori hakuwa amewahi kununua kitu kwa kuangalia rangi. Jembe alilinunua kwa kuligonga na kusikiliza mlio wake, ng'ombe kwa kumshika nundu, na koti alilovaa siku ile alilipata mnadani kwa sababu lilikuwa zito, na baridi ya Sumbawanga haina mzaha na mtu. Sasa amesimama katikati ya duka la mapambo, mbele yake kuna chepe lililopuliziwa rangi ya dhahabu, na watu wawili wanangoja aseme kama rangi imekolea au haijakolea.

"Naona imekolea," akasema.

"Nipige mkono wa pili?" Happyness, mwenye duka, akauliza. "Ukitaka ling'ae kwenye kamera, ni mkono wa pili."

Happyness alikuwa mtu wa Mbeya, hodari wa kupamba kumbi za harusi na vipaimara. Machepe alikuwa ameanza kuyapamba mwaka huo tu, baada ya kugundua kwamba viongozi nao wana harusi zao, tena nyingi, na mara zote bibi harusi ni ardhi. Kwenye rafu zake machepe yalisimama katikati ya maua ya plastiki na vitambaa vya viti, kila moja limevalishwa utepe, yanapendeza kuliko wateja walioingia kuyatazama.

"Piga mkono wa pili," Isdori akasema, na akaona amefanya uamuzi wa maana.

Usimcheke. Mtu huyo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa zahanati ya kijiji chao, kijiji kilichojibanza kwenye mabonde ng'ambo ya Mollo, na zahanati hiyo kwake haikuwa maendeleo ya kwenye hotuba. Masika ya mwaka juzi binti yake Winifrida alishikwa na uchungu usiku wa mvua. Pikipiki zilikuwa zimekwama, gari halikuwepo, akampakia kwenye mkokoteni na kuwaswaga maksai yeye mwenyewe. Mtoto alizaliwa njiani, juu ya mabua ya mahindi. Akalia mara moja. Isdori alikuwa mbele anavuta kamba, akakisikia kile kilio, akafurahi, akageuka kumwambia mkewe Bertila amfunike mtoto vizuri, akakuta Bertila ameshamfunika mpaka usoni. Tangu siku hiyo Isdori hakuwa mtu wa kusikiliza redio.

Sasa Winifrida ana mimba nyingine. Mbele ya mama yake, mbele ya mumewe Cleophas, Isdori alimwambia kwamba huyu wa sasa atazaliwa ndani ya kuta, juu ya kitanda, na nesi pembeni. Alilitamka kama mtu anayeapa. Kwa hiyo ukimwona anakodolea macho rangi ya dhahabu, ujue anatazama kitanda hicho.

Aliyemleta dukani alikuwa Ndimyake, mtendaji wa kata, kijana wa Tukuyu aliyepiga pasi shati lake mpaka likasimama lenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa simu. Kila iliyoita aliipokea akiwa wima, hata kama alikuwa anakula.

"Mzee Isdori, uzito je?" Ndimyake akasema. "Tuangalie uzito. Mgeni rasmi ana mikono laini. Kuna kata moja waliweka chepe la kiwandani, zito kweli kweli, na ardhi yenyewe kavu. Mgeni akachoma, likagoma. Akachoma tena, likagoma. Kamera zote zinamwangalia. Ile video watu walikuwa nayo kwenye simu mpaka wajukuu. Na mtendaji wa kule sijui yuko wapi sasa, na sitaki kujua."

Happyness akachukua chepe jingine, akaliinua kwa vidole viwili. Isdori akalipokea, akaliegemeza kwenye goti, akakandamiza kidogo. Bati likapinda.

"Hili halichimbi," akasema.

"Halichimbi, mzee wangu," Happyness akajibu kwa upole. "Linazindua."

Wakachukua hilo. Moja la dhahabu kwa mgeni rasmi, na mengine ya rangi ya fedha kwa wale ambao huwa wanamfuata nyuma. Wakaja kwenye mipini. Ndimyake alitaka mipini ya kung'arisha kwa vanishi, Isdori akashika ile iliyovalishwa kitambaa laini cha kijani na kusema hii, hii haitamchubua. Wakaja kwenye utepe. Isdori akauliza kama rangi za bendera zinaruhusiwa, akaambiwa zinaruhusiwa, akachagua mwenyewe, akaupimisha mwenyewe kwenye shingo ya chepe kama anayemfunga mtoto skafu. Kisha likaja jina. Jina la mgeni rasmi lingebandikwa kwenye bati, kwa herufi nyeusi, na Isdori akaomba chini yake liandikwe jina la kijiji.

"La kijiji la nini?" Ndimyake akauliza.

"Akirudi nalo nyumbani kwake, alione. Asitusahau."

Ndimyake akacheka, akakubali. Ilikuwa saa nzuri. Isdori alikuwa ameanza kujisikia mtu mwenye jambo lake mjini. Ndipo Happyness akauliza swali la kawaida kabisa, swali analowauliza wateja wake wote.

"Na pale pa kuchimbia, niwaletee mchanga laini wa kumwaga juu, au ardhi yenyewe inachimbika?"

"Usisumbuke, mama," Isdori akasema kwa majivuno. "Sisi tumeshachimba. Msingi wote, vyumba vyote, kina cha kufika kiunoni. Fundi Kalisti alitupimia kwa kamba. Na mawe yapo, chungu nzima."

Ndimyake akaweka chepe chini.

"Mmechimba lini?"

"Tangu mavuno. Kijiji kizima. Msaragambo kila Jumatano. Tulitaka mvua itukute na kuta."

"Mzee wangu," Ndimyake akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesikia simu inaita, "ratiba inasema mgeni rasmi anakuja kuzindua uchimbaji wa msingi. Anachimba yeye wa kwanza. Atachimba nini kwenye shimo?"

Isdori akamtazama, akamtazama na Happyness, akatabasamu akidhani anataniwa. Hakuna aliyetabasamu naye.

Ikawa hivyo. Dukani humo humo, kati ya maua ya plastiki na machepe yasiyochimba, yakapangwa. Msingi ufukiwe. Ardhi isawazishwe, ionekane mpya. Mawe yatolewe machoni pa watu. Mgeni akishazindua na kuondoka, wananchi watafukua, udongo utakuwa laini, kazi ya siku chache. "Na mtu yeyote akikuuliza," Ndimyake akamwambia wakitoka, amemshika mkono kwa mikono miwili, "yeyote, mkubwa au mdogo, wewe sema ardhi haijaguswa. Tusije tukamwaibisha mgeni. Akiondoka hapa amekasirika, zahanati mtaisikia kwa majirani."

Isdori aliyameza hayo na kuyaweka moyoni, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Mgeni hapewi kiti alichokalia mwingine kabla hakijafutwa. Yeye alielewa kwamba ardhi nayo inafutwa.

Jumapili baada ya ibada, watu wakabaki nje ya kigango, na Isdori akawaeleza. Walisikiliza kwa utulivu ambao hakuupenda. Aliyesimama wa kwanza alikuwa Kalisti, fundi mwashi, mtu mfupi mwenye vidole vilivyopasuka kwa saruji, ambaye alikuwa amepima pembe za msingi ule mara tatu tatu kama anajenga kanisa.

"Mwenyekiti, nikuulize vizuri nisije nikawa sijasikia. Tumechimba tangu mavuno. Sasa tufukie?"

"Tufukie."

"Halafu tufukue."

"Tufukue. Mgeni akishaondoka."

"Na asipokuja?"

"Atakuja, Kalisti! Machepe yameshaandikwa jina lake. Nimeyaona kwa macho yangu. Mtu anaandikwaje jina kwenye chepe halafu asije?"

Hapo watu wakalegea kidogo. Jambo la jina liliwaingia. Wengi walikuwa na vitu vyenye majina, misalaba ya makaburi ya marehemu wao, vikombe vya mpira, mashuka ya hospitali, na hawakukumbuka kitu chenye jina la mtu ambacho mwenyewe hakukifuata. Bertila peke yake, aliyekaa na wanawake wenzake, aliinama akaanza kuchora chini kwa kijiti. Isdori alimwona. Akajua maana yake, akaangalia pembeni.

Jumatano wakafukia. Kuchimba kuna nyimbo zake, na wakati wa kuchimba wanawake walikuwa wakiimba mpaka wanaume wanaona haya kupumzika. Kufukia hakuna wimbo ila ule wa msibani, na huo hakuna aliyethubutu kuuanzisha. Walifanya kazi kimya, majembe yanavuta udongo, udongo unaanguka. Winifrida naye alikuja na karai, tumbo likiwa limeanza kuonekana chini ya khanga. Isdori akamkataza. Akasema, "Baba, wakati wa kuchimba nilibeba mawe. Acha na hili nibebe." Akamwaga karai lake mahali ambapo Kalisti alikuwa ameweka vigingi vya chumba cha kujifungulia. Hakuna aliyelipa maana tendo hilo. Karai lilikuwa zito, na pale ndipo palipokuwa karibu.

Mawe yalibaki kuwa tatizo, maana yalikuwa mengi na hayafichiki. Ndimyake akapiga simu na ufumbuzi. Magari ya wageni yasizame matopeni, mawe yatandazwe kandokando ya barabara, yawe maegesho. Wakayatandaza. Kalisti hakugusa hata moja. Alisimama pembeni, mikono mfukoni, anawaangalia wanavyokanyagia mawe yake ardhini, na jioni hiyo alibeba mwiko wake na kipimamaji chake akaenda Laela, ambako kulikuwa na mtu anajenga ghala la mahindi na hakuwa na mgeni rasmi.

Siku iliyopangwa ikafika, mgeni akapata dharura. Ikapangwa nyingine. Turubai likafungwa, wanafunzi wakafundishwa ngonjera, mbuzi akachinjwa, na saa nane mchana simu ya Ndimyake ikaita akasimama wima. Dharura tena. Mbuzi akaliwa na wenyeji, na hawakumfurahia. Machepe yalikaa nyumbani kwa Isdori, chumbani, yameegemezwa ukutani juu ya mkeka yasishike vumbi. Bertila aliyapangusa kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Siku moja akasema, akiwa amempa mumewe mgongo, "Baba Wini, haya yanalala pakavu kuliko sisi." Kweli bati la nyumba lilikuwa linavuja, upande wa kitanda.

Manyunyu ya kwanza yalipoanza, alikuja mhandisi. Isdori alikuwa uwanjani anapiga reki, maana majani yalikuwa yameanza kuota na hakutaka mgeni akute majani. Gari likasimama juu ya maegesho ya mawe, akashuka dada mmoja mwenye buti na koti la mvua, akaja akamwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Jane, mhandisi, nimetumwa kukagua maeneo. Wewe ndiye mwenyekiti wa kamati?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

Jane akatazama huku na huku. Aliona ardhi iliyosawazishwa, safi, tambarare, imepigwa reki mistari mistari.

"Hapa mmeshaanza kazi yoyote? Kuchimba, chochote?"

Isdori akamsikia Ndimyake sikioni. Mkubwa au mdogo. Akainua kidevu.

"Hapajaguswa."

"Hapajaguswa kabisa?"

"Kabisa, mama. Hata jembe halijapita."

Jane akaitazama tena ile mistari ya reki. "Mbona nilisikia kwamba huku wananchi walichimba msingi wao wenyewe?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kuponea. Ingemtosha kukuna kichwa tu, kusitasita tu, dada yule angeuliza tena. Lakini Isdori alikuwa mtu wa kushika alichoagizwa, na zaidi ya hapo alikuwa na furaha. Alidhani ule ndio mtihani wenyewe, na kwamba anaufaulu.

"Watu wanasema mengi," akasema, akacheka. "Wewe angalia mwenyewe. Ardhi ya mgeni hii, hakuna aliyeikanyaga."

Jane akaandika. Alikuwa na uso wa mtu aliyetaka kusikia jingine, na Isdori akauona uso huo akadhani ni baridi. Alipoomba kupiga picha ya eneo, Isdori akamwomba asubiri. Akakimbia nyumbani, yeye na umri wake, akapita mlangoni alikosimama Bertila, akarudi na chepe la dhahabu. Akasimama katikati ya uwanja ulio tambarare, mguu mmoja mbele, utepe wa bendera unapepea, akatabasamu. Bertila alikuwa amemfuata mpaka penye ua. Alifungua mdomo, kisha akaona mumewe alivyofurahi, kitu ambacho hakuwa amekiona tangu ule usiku wa mkokoteni, akaufunga. Baadaye angejilaumu kwa hilo, bure tu.

Habari zilikuja mvua ikiwa imeshashika. Ndimyake alizileta mwenyewe kwa pikipiki, ameloa mpaka kwenye soksi, na shati lake kwa mara ya kwanza halikuwa na mikunjo ya pasi. Alikaa kwenye kigoda jikoni kwa Bertila akakataa chai, kisha akaipokea, kisha hakuinywa.

"Fedha zimekuja," akasema.

Isdori akaanza kusimama.

"Subiri, mzee wangu. Zimekuja, lakini ni za kumalizia. Maagizo yanasema zinapelekwa pale wananchi walipoanza kwa nguvu zao wenyewe. Kuna kijiji kimoja upande wa njia ya Laela wana msingi. Wamepewa wao."

"Sisi tuna msingi."

"Taarifa ya ukaguzi inasema hamna."

Kuni zililia kidogo motoni. Isdori alikuwa anajaribu kuelewa, na kuelewa kulikuja polepole.

"Na mgeni rasmi?"

"Atakwenda huko. Ataweka jiwe la msingi."

"Basi machepe wayachukue," Bertila akasema, ghafla, kwa ukali ambao hata mwenyewe ulimshtua. "Yatoke humu ndani."

Ndimyake akaangalia kikombe chake. "Huko hawayahitaji, mama. Kwao hakuna cha kuchimba."

Kisha akaanza kulia, kijana wa watu, mabega yanatikisika, akisema nisamehe mzee wangu, mimi niliambiwa, na mimi nikawaambia. Isdori alimtazama akakosa hata hasira ya kumpa. Ukimkasirikia mtu aliyekuambia ukafanya, unabaki na swali la kwa nini ulifanya, na swali hilo ndilo lililokuwa limekaa nao pale jikoni.

Wiki iliyofuata mvua ikafanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Udongo uliofukiwa ulikuwa haujashikamana, ukaanza kutitia. Asubuhi Isdori alikuta uwanjani mifereji ya maji, imenyooka, imekutana kwenye pembe, chumba baada ya chumba. Msingi wote wa Kalisti ulikuwa umejichora wenyewe kwa maji. Chumba cha dawa kile pale. Korido ile pale. Na kile cha mwisho, kile kidogo, ambacho Winifrida alimwagia karai lake, nacho kilikuwa kimejaa maji ya rangi ya chai. Isdori akapiga kelele mpaka watu wakatoka majumbani. Sasa itaonekana! Mtu mwenye macho atakataaje kitu kama hiki? Akaagiza rimu ya gari iliyo kengele ya kigango igongwe, watu waje na majembe. Ikagongwa sana. Walikuja wazee wachache na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni. Wakasimama wakatazama maji, wakampa pole, wakarudi. Hakuna aliyemtukana. Wangemtukana ingekuwa nafuu.

Kesho yake alikwenda mjini. Alitembea kwa miguu mpaka penye gari, akafika ofisini kwa mhandisi na matope mpaka magotini, akakaa kwenye benchi na watu wengine mpaka akaitwa. Jane alimkumbuka. Akamvutia kiti.

"Nilikudanganya," Isdori akasema kabla hajakaa. "Msingi upo. Tuliufukia sisi wenyewe, kwa ajili ya uzinduzi. Mvua imeufichua. Twende ukauone leo hii, mama, kabla haujajaa tope. Unaonekana wote."

Jane akavua miwani, akaiweka mezani.

"Nakuamini, mzee. Hata siku ile nusu nilikuwa sikuamini. Lakini fedha zimeshakwenda. Huko wameshaanza kupandisha kuta. Siwezi kwenda kubomoa kuta za watu."

"Basi za mwakani. Andika kwamba ulikosea."

"Niandike nilikosea wapi?" Hakusema kwa ubaya. Alichukua simu yake, akatafuta, akamgeuzia. "Huyu si wewe?"

Isdori akaitazama picha. Alimwona mzee mmoja ameshika chepe la dhahabu, mguu mbele, nyuma yake ardhi safi kama meza. Mzee yule alikuwa na raha sana.

"Ni mimi."

"Nilikuuliza mara tatu," Jane akasema. "Mara tatu, mzee wangu, na ukanijibu unacheka. Za mwakani zitafuata orodha ile ile, na kwenye orodha hiyo ninyi ni watu ambao hawajaanza na wala hawataki. Nitajaribu kusema. Sikudanganyi kwamba nitasikilizwa."

Akashukuru. Ndiyo, alishukuru, kwa mazoea, akainama kidogo kama alivyofundishwa, akatoka. Njiani kurudi watu walikuwa wanazungumza habari za mbolea ya ruzuku, na mmoja akamuuliza na ninyi mmeshapanda, akajibu tumeshapanda.

Alipofika nyumbani alikuta pikipiki imesimama uani, injini inanguruma, na dereva amejifunika mfuko wa nailoni. Winifrida alikuwa amevaa sweta la mama yake, mfuko wa nguo mkononi. Tumbo lilikuwa kubwa sasa, limeshuka. Cleophas alikuwa ametangulia Laela kumtafutia chumba kwa dada yake, karibu na barabara kubwa, karibu na wauguzi. Angekaa huko mpaka siku yake. Kama barabara ya kutoka kijijini ingekubali kumpitisha, na siku ile ilikuwa inakubali kwa shida.

"Nilitaka nikusubiri, baba," akasema. "Nisiondoke bila wewe."

Hakuuliza mjini wamesemaje. Alimwangalia usoni akaona, na hilo likamchoma Isdori kuliko swali lolote.

"Mbona mapema hivi?" akamuuliza, kwa kuwa ilibidi aseme kitu.

"Nikingoja zaidi mvua itanifungia hapa. Unajua."

Alijua. Bertila alimfunga binti yake khanga ya pili kiunoni, akakaza, akafungua, akakaza upya. Dereva akamsaidia kupanda, upande upande, mkono mmoja tumboni. Kisha Winifrida akainamisha kichwa kuelekea kwa baba yake, kama alivyofanya siku ya kipaimara, kama alivyofanya siku ya kuolewa, na Isdori akamchora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba. Ngozi yake ilikuwa ya moto.

Winifrida hakuinua kichwa. Alikuwa anangoja lile neno ambalo mzazi humwambia mtoto anayekwenda kujifungua, kwamba atarudi akiwa na mtoto wake mikononi. Ni neno la kila mtu. Hata wasiojua kuomba hulisema.

"Sema, baba."

Lilikuwepo mdomoni, tayari. Lakini Isdori alijisikia jinsi ambavyo lingetoka, kwa uhakika ule ule, kwa kidevu juu, sauti ile ile aliyosemea atakuja, na atazaliwa ndani ya kuta, na hapajaguswa. Akaliogopa. Akafunga mdomo wake kwa nguvu, akamshika binti yake mkono, akautikisa tu, akautikisa tena.

"Utarudi salama, mwanangu," Bertila akasema haraka kutoka nyuma.

Winifrida akaendelea kumtazama baba yake. Akangoja kidogo zaidi, mvua ikimchuruzika kwenye nyusi. Kisha akamgusa dereva begani, wakaondoka.